Maisha ya Papa Simon Kimbangu: Fundisho juu ya Kutojidharau



 

Mara hii tumechagua kuwasimulia tena maisha ya Papa Simon Kimbangu. Wengi mnayajua tangu utoto, na pengine mtauliza kwa nini tunarudia habari ambayo kila mtoto wa kwaya anaweza kuieleza. Sababu yake ni neno moja tunalolisikia mno siku hizi katika matembezi yetu ya nyumba kwa nyumba. Ni neno la mtu kusema kwamba yeye si kitu.

Tunalisikia kwa kijana aliyepata diploma yake ya serikali, akatafuta kazi miaka na miaka, na sasa anaona haya hata kupita mbele ya wenzake. Tunalisikia kwa mama aliyekimbia kutoka Djugu akiwa na watoto mgongoni, akaacha shamba, mbuzi na makaburi ya wazazi wake. Vita vya 1999 hadi 2003 viliwatawanya watu wa Ituri, na tangu mwisho wa mwaka 2017 machafuko yametawanya wengine tena. Mtu aliyekuwa akiwalisha wageni nyumbani kwake sasa anapanga mstari kungoja posho. Kwanza anaomboleza mali yake iliyopotea. Kisha, kidogo kidogo, anaanza kufikiri kwamba yeye mwenyewe pia amepotea pamoja nayo. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mali inaweza kurudi, lakini mtu akijitupa mwenyewe ni nani atamwokota?

Basi tuyaangalie maisha ya Papa Simon, tukitafuta ndani yake jibu la neno hilo.

1. Mtoto wa Nkamba

Kanisa letu linashika kwamba Papa Simon alizaliwa tarehe 12 Septemba 1887 katika kijiji cha Nkamba, karibu na misioni ya Ngombe-Lutete, katika sehemu ambayo leo ni jimbo la Kongo Central. Baba yake aliitwa Kuyela na mama yake Luezi. Mama alifariki mtoto akiwa bado mdogo, akalelewa na mama Kinzembo, ndugu wa wazazi wake. Kwa hiyo yeye ambaye jina lake sasa linaitwa katika nchi nyingi alianza maisha kama yatima wa kijijini. Hakuwa mtoto wa mfalme, wala hapakuwa na mtu aliyeandika habari zake siku ile.

Tukumbuke pia aina ya nyakati alizozaliwa. Miaka miwili tu kabla, mwaka 1885, nchi yetu ilikuwa imefanywa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka 1908 ikawa koloni ya Wabelgiji. Watu walipelekwa kwa nguvu kwenye upagazi, kwenye mpira na kwenye njia ya reli. Fimbo ya ngozi ya kiboko ilikuwa sheria. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boyi, na wengi walizoea hata wakaliitikia jina hilo bila kuona uchungu. Hilo ndilo jeraha kubwa kuliko la fimbo. Jeraha la mgongoni hupona, lakini mtu aliyefundishwa miaka mingi kwamba yeye ni mdogo, mwishoni huanza kuwafundisha watoto wake hivyo hivyo.

Simon alisoma katika misioni ya Wabatisti kutoka Uingereza. Alimwoa Mama Marie Muilu, na tarehe 4 Julai 1915 wote wawili walibatizwa. Mungu aliwapa wana watatu: Charles Kisolokele mwaka 1914, Salomon Dialungana Kiangani mwaka 1916, na Joseph Diangienda Kuntima mwaka 1918. Papa Simon alikuwa katekista, akifundisha watu wa kwao Neno la Mungu. Hakuwa mchungaji, wala hakuwa na cheo kikubwa.

2. Mwito alioukimbia

Hapa tunaomba kila msomaji atulie kidogo, hasa wewe unayejiona mnyonge.

Mwaka 1918 ugonjwa mkubwa wa homa ulipita duniani kote, ukafika na kwetu Kongo. Watu wengi sana walikufa. Wakati ule, kama wazee wetu walivyotupokeza, Papa Simon alisikia sauti ya Bwana ikimwita kuchunga kondoo na kuwarudisha watu kwa Kristo. Je, aliruka kwa furaha? Hapana. Alijibu kwamba hakustahili. Alieleza kwamba wako wachungaji na walimu wenye elimu kuliko yeye, na kwamba kazi hiyo iwaendee wao. Sauti ikarudi tena na tena, naye akakataa tena na tena.

Mwishoni aliondoka nyumbani, akaenda Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kutafuta kazi ya mikono kama watu wengine. Alifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya mawese, lakini mshahara wake hakuupata ilivyopasa. Mwito nao haukumwacha. Alirudi Nkamba mikono mitupu.

Ndugu, tusipite haraka hapa. Huyu tunayemheshimu hivi alijidharau kwanza. Alijipima kwa kipimo cha vyeti na elimu ya wengine, akajiona mwepesi. Hata hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Musa alisema ulimi wake ni mzito, kama tusomavyo katika Kutoka sura ya 4. Gideoni alikumbusha kwamba ukoo wake ni dhaifu, katika Waamuzi sura ya 6. Yeremia alisema yeye ni mtoto tu, katika Yeremia sura ya 1. Yona alipanda merikebu akakimbia. Papa Simon alikwenda Léopoldville. Tunaona kwamba Mungu hakubadili neno lake kwa sababu mtu aliyemwita alijiona mdogo. Thamani ya mtu haitoki katika maoni yake mwenyewe juu ya nafsi yake, wala katika maoni ya jirani. Inatoka kwa yeye aliyemwumba na kumwita.

3. Tarehe 6 Aprili 1921

Siku hiyo Papa Simon aliingia katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka. Kulikuwako mama mgonjwa aitwaye Nkiantondo. Kanisa letu linashuhudia kwamba alimwekea mikono katika jina la Yesu Kristo, naye akapona. Tangu siku hiyo habari zilienea kama moto wa kiangazi. Watu walikuja Nkamba kwa maelfu, wakiwabeba wagonjwa wao. Wengine waliacha kazi katika mashamba ya wazungu na vitanda katika hospitali.

Alifundisha nini? Aliwafundisha watu kutupa hirizi na sanamu za uganga, kuacha ngoma za aibu, kuacha kuoa wake wengi, na kumwamini Yesu Kristo. Watu walitii, wakatupa vitu hivyo kwa hiari yao wenyewe, jambo ambalo misioni zilikuwa zimelihubiri miaka mingi kwa shida.

Lakini kulikuwa na fundisho jingine ambalo halikuhitaji maneno. Mtu mweusi, katekista asiye na cheo, alikuwa akiomba na Mungu akimsikia. Hapakuwa na mzungu katikati yake na Mungu. Watu waliokuja Nkamba wakiwa wameinama walirudi makwao wakiwa wamesimama. Tena hakuchagua wasaidizi wake kati ya wanaume peke yao. Msichana Mikala Mandombe alikuwa mmoja wa wale waliofanya kazi pamoja naye na kuteswa pamoja naye. Mabinti wetu wa Bunia na walikumbuke jina hilo.

Serikali ya koloni iliogopa. Tarehe 6 Juni 1921 Administrateri Léon Morel alifika Nkamba na askari ili kumkamata. Vurugu zikatokea, risasi zikapigwa, kijiji kikaporwa. Papa Simon aliondoka salama, akaendelea na kazi kwa siri miezi mitatu.

4. Hukumu ya Thysville

Mwezi wa Septemba alirudi Nkamba mwenyewe, mchana, mbele ya macho ya watu. Alijua kinachomngoja. Tarehe 12 Septemba 1921, siku ambayo kwa hesabu ya Kanisa letu alitimiza miaka 34, alijitoa mikononi mwa askari, wala hakuruhusu watu wake wapigane kwa ajili yake. Walifungwa kamba, wakapelekwa Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu.

Alishtakiwa mbele ya baraza la hukumu la askari, bila wakili wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 walimhukumu kupigwa viboko 120 na kisha kuuawa. Wamisionari fulani wa Kiprotestanti waliomba ahurumiwe, na Mfalme Albert wa Kwanza akabadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Tulitafakari jambo hili pamoja katika kikao chetu. Baraza lile lilikuwa na mihuri, bendera na bunduki. Lilimwandika kuwa mtu mbaya, adui wa amani. Kwa hesabu ya dunia neno la mwisho lilikuwa limesemwa. Lakini hukumu ya watu juu ya mtu si hukumu ya Mungu. Karatasi ya Thysville haikuweza kubadili hata kidogo alichokuwa mbele za Mungu. Kama wewe pia umeandikwa mahali fulani kuwa si kitu, kwa sababu ya kabila lako, au umaskini wako, au kosa lako la zamani, ujue kwamba wako karani wengi duniani lakini kitabu cha uzima kina mwandishi mmoja tu.

5. Miaka thelathini

Walimpeleka Elisabethville katika Katanga, mji wa Lubumbashi wa leo, mbali sana na kwao, upande mwingine wa nchi. Wanawe walibaki na umri wa miaka 7, 5 na 3. Alikaa katika gereza hilo mpaka kufa kwake siku ya Ijumaa, tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabu wenyewe: tangu kukamatwa mpaka kufa ni miaka 30 na mwezi mmoja. Huduma yake ya hadharani haikufikia hata miezi sita.

Mara nyingi tunasema miaka 30 haraka haraka, kama mtu anayehesabu pesa za mwingine. Lakini fikirini juu ya asubuhi moja tu ya miaka ile. Mlango unafunguliwa, kazi ya gerezani inaanza, hakuna mtoto wa kumwamkia, hakuna habari za Nkamba. Kisha asubuhi nyingine kama hiyo, zaidi ya elfu kumi. Mtu akiwa amejenga thamani yake juu ya umati wa watu wanaomshangilia, umati ukiondoka ataanguka. Papa Simon hakuikana imani yake, wala hakuacha kuomba. Tunajifunza kwamba alichokuwa nacho hakikutoka kwa umati wa Nkamba, ndiyo sababu gereza halikuweza kukichukua.

Hatusemi kwamba hakuumia. Tunakosa tukiwafanya watu wa Mungu kuwa mawe. Yesu mwenyewe alilia. Kuwa na moyo wa tumaini si kucheka wakati wa msiba, wala si kukana kwamba njaa ni njaa. Ni kukataa kwamba maumivu yawe ndiyo mwenye kukupa jina.

6. Mama Muilu na waliohamishwa

Ni nani aliyelinda moto Papa Simon alipokuwa kifungoni? Ni Mama Marie Muilu. Mwanamke wa kijiji, mke wa mfungwa, chini ya macho ya wapelelezi, aliongoza waamini kwa siri tangu 1921. Walikutana usiku, porini na nyumbani. Alifariki tarehe 27 Aprili 1959, miezi michache tu kabla ya serikali kulitambua Kanisa. Hakuona mavuno, lakini yeye ndiye aliyechunga mbegu.

Tena wako wale waliohamishwa. Serikali ya koloni iliwatoa waamini katika nchi yao na kuwatupa mbali. Kanisa letu linakumbuka jamaa 37,000. Mahali pamoja walipopelekwa palikuwa Lowa, kando ya mto mkubwa, katika lile Jimbo la Mashariki ambalo Ituri yetu pia ilikuwa ndani yake mpaka mwaka 2015. Walifika huko bila nyumba wala shamba, katikati ya watu ambao lugha yao hawakuijua. Serikali ilifikiri kwamba imewazika. Kumbe ilikuwa imewapanda. Kila walipokwenda waliomba, waliimba, walifanya kazi, na watu wa huko wakauliza juu ya imani yao. Hivyo habari ya Nkamba ilitembea Kongo nzima kwa miguu ya watu waliofukuzwa.

Ninyi wahami wa vita mlio Kigonze na mahali pengine, habari hii ni yenu kwanza kabla ya kuwa yetu. Mtu aliyefukuzwa kwao hafiki mtupu. Anafika na imani yake, na ujuzi wa mikono yake, na lugha yake, na hekima ya waliomlea.

Tarehe 24 Desemba 1959 serikali ililitambua Kanisa letu, likiongozwa na mwana mdogo, Papa Joseph Diangienda. Mwezi wa Aprili 1960, kabla ya uhuru wa 30 Juni, mwili wa Papa Simon ulirudishwa Nkamba. Mwaka 1969 Kanisa lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni. Na mwaka 2023 serikali ya nchi yetu ilianza kuiadhimisha tarehe 6 Aprili kama sikukuu ya taifa, kukumbuka kazi ya Papa Simon na kuamka kwa Mwafrika. Siku ambayo wakoloni waliiona kuwa mwanzo wa fujo, sasa ofisi za serikali zinafungwa kwa heshima yake.

7. Sisi wa Bunia, tufanye nini?

Kwanza, tuungame. Sisi tunaoandika maneno haya tumekosa pia. Imetokea katika ibada zetu kwamba mwenye gari anasogezewa kiti mbele, na mama wa kambini anaachwa asimame mlangoni. Tunavua viatu sote tunapoingia kuomba, mwenye viatu vya ngozi na mwenye sandali za plastiki, ili tukumbuke kwamba mbele za Mungu miguu yote ni mitupu. Halafu baada ya kuvua viatu tunaanza tena kupimana kwa macho. Tuache jambo hili. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba ana thamani, na huku tunamwonyesha kwamba hana.

Pili, tujihadhari na majina tunayowaita watoto. Mtoto anayeitwa mjinga kila siku atakuja kuamini. Wazazi, mrekebisheni mtoto kwa kosa alilofanya, lakini msimtukane yeye mwenyewe. Wala tusidharau rangi tuliyopewa kwa kuichubua kwa dawa za sokoni, wala tusicheke lugha ya jirani. Anayemdharau mwenzake wa kabila lingine anamdharau Mungu aliyewaumba wote wawili, na sisi wa Ituri tumeona kwa macho yetu mwisho wa dharau hiyo.

Tatu, tushike neno la Kanisa letu: upendo, amri na kazi. Kujithamini si kukaa na kujisifu. Mwenye kiburi anataka wengine wawe wadogo ili yeye aonekane, lakini mwenye kujua thamani yake hana haja ya hilo. Kijana mwenye diploma, hata ukisukuma mzigo sokoni leo, diploma yako haikufa na heshima yako haikupungua. Papa Simon naye alifanya kazi ya mikono, tena bila kulipwa ilivyopasa. Anza na kazi iliyo karibu, ifanye vizuri, fundisha mtoto wa jirani kusoma jioni. Mkono unaomsaidia mwingine hauwezi kwa muda mrefu kuamini kwamba hauna kazi.

Nne, tusikae peke yetu. Neno la mtu kusema yeye si kitu linakua gizani. Ukilisikia ndani ya moyo wako, njoo kwa wazee, njoo kwa wamama wa maombi, sema. Waamini wa siri walikutana usiku wakati mkutano ulikuwa kosa la kufungwa. Sisi tunakutana mchana, kengele inalia, mlango uko wazi. Tutakuwa na udhuru gani?

Na kama kuna ndugu unayemjua ambaye ameacha kuja kwa sababu anaona haya ya nguo zake, usingoje Jumapili. Kwenda kwake ni wiki hii. Mpelekee habari ya yatima wa Nkamba, aliyejiona hafai, akakimbia, akaitwa tena, na leo taifa zima linasimama kwa ajili yake.

Bwana awabariki, awape amani Ituri yetu, na awainue wote walioinama.

Amina.